Kurekodi puto la maji likipasuka kwa mwendo wa polepole: kuanzia simu hadi kamera ya fremu 1000

Video nzuri ya mwendo wa polepole hutegemea taa kuliko kamera. Kamera ya kasi inapiga picha nyingi ndani ya sekunde moja, kwa hiyo kila picha inapata mwanga kidogo sana, na anayepanga mwanga mwishoni hupata video nyeusi yenye chenga. Mwongozo huu unashika tukio moja tu: puto lililojaa maji linatobolewa. Vifaa vyake vinapatikana duka la mtaani, halina moto wala baruti, na karibu makosa yote ya kazi hii hujitokeza hapo. Ukilimudi, kurekodi tone la maziwa, juisi ikimiminwa kwenye tangazo au mguu wa mkimbiaji ukigusa ardhi ni kubadilisha namba chache.

Fremu ngapi zinatosha

Fremu ni picha moja moja zinazounda video. Gawa idadi ya fremu unazorekodi kwa sekunde kwa idadi utakazochezesha kwa sekunde. Fremu 250 zikichezwa 25 kwa sekunde, tukio linarefuka mara 10. Fremu 1000 zikichezwa 25, linarefuka mara 40. Maji yaliyoachiwa kutoka urefu wa mita 1 hufika chini kwa sekunde 0.45 hivi. Kwa mara 10 unapata sekunde nne na nusu za kutazama, na kwa mara 40 unapata sekunde 18. Sekunde 18 za kitu kimoja ni nyingi. Mtazamaji ataanza kuangalia pembeni. Kwa hiyo kabla ya kutamani namba kubwa, jiulize unataka kuonyesha nini hasa.

Kwa mtu anayekimbia au kucheza ngoma, fremu 100 hadi 120 zinatosha. Maji yanayomwagika, nywele na nguo zinazopeperuka hupendeza kwenye 240 au 250. Puto la maji lina mambo mawili yenye kasi tofauti kabisa. Mpira unachanika na kujikunja ndani ya milisekunde chache tu, ilhali maji yanabaki na umbo la puto kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuvunjika na kuanguka. Kwa fremu 240 utayaona maji vizuri, lakini mpira utakuwepo fremu moja na fremu inayofuata haupo. Ukitaka kuuona ukivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, anzia 1000.

Kioo ni habari nyingine. Ufa ndani ya kioo cha kawaida unaweza kufikia kasi ya takriban mita 1500 kwa sekunde. Kwenye fremu 1000 ufa huo unasafiri mita moja na nusu kati ya fremu na fremu, yaani kioo kizima kinageuka kioo kilichopasuka bila wewe kuona chochote katikati. Hapo zinahitajika makumi ya maelfu ya fremu, na mwanga wake si wa nyumbani.

Kila unapozidisha fremu mara mbili, mwanga unaoingia kwenye kila fremu unapungua nusu. Katika kamera nyingi ukubwa wa picha nao unapungua. Sony RX100 IV, kwa mfano, ikiwekwa kwenye fremu 960 na ubora wa juu, inasoma pikseli 1136×384 tu kutoka kwenye kihisi (kipande cha kamera kinachopokea mwanga), kisha inazitanua kuwa video ya 1920×1080. Faili inasema HD. Macho yanaona ukungu. Ndiyo maana 240 iliyo safi mara nyingi inaishinda 960 iliyotanuliwa.

Kujua kamera yako inafanya nini kweli

Simu za iPhone kuanzia iPhone 8 ya mwaka 2017 zinarekodi fremu 240 kwa 1080p. Samsung Galaxy S9 ya 2018 ilifika fremu 960 kwa 720p, lakini kwa takriban sekunde 0.2 za tukio halisi, muda ambao ni mfupi kuliko kidole chako kinavyochelewa. Simu nyingi za bei nafuu zinaandika 240 au 960 kwenye menyu huku zikirekodi chache na kutunga zilizobaki kwa programu.

Ipime hivi. Nje juani, weka kipimo cha fundi au fimbo yenye alama kila sentimita 10 ikisimama wima. Rekodi sarafu ikianguka kutoka urefu wa sentimita 125. Itachukua nusu sekunde. Hamisha faili kwenye kompyuta, ifungue kwa programu ya VLC na ubonyeze herufi E kusogea fremu moja moja. Karibu na chini, sarafu ina kasi ya mita 5 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye fremu 240 za kweli lazima isogee kama sentimita 2 kila fremu. Ikisimama fremu mbili mfululizo kisha ikaruka sentimita 4, fremu zimerudiwa. Ikiwa na kivuli kinachoyeyuka pembeni, au alama za fimbo nyuma yake zinapinda inapopita, fremu zimetungwa. Simu ya namna hiyo irudishe kwenye 120 na uitumie kwa uaminifu.

Kwenye kamera maalumu, mlango wa gharama nafuu kwa miaka kadhaa umekuwa Chronos 1.4 ya Kron Technologies ya Kanada: 1280×1024 kwa zaidi ya fremu 1000, na ukipunguza ukubwa wa picha inapanda zaidi. Juu kabisa ziko Phantom za Vision Research ya Marekani. Flex4K inafika fremu 1000 kwa picha ya 4K, na kwa kawaida hukodishwa pamoja na mtu anayeijua. Chronos inafunga kihisi chote kwa wakati mmoja. Simu inasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, ndiyo sababu panga la feni linaonekana limepinda. Kwa puto hilo halitakusumbua sana, ila chini ya taa inayopepesa utaona mistari ya giza ikipita kwenye picha.

Mwanga

Video ya kawaida ya fremu 25 hurekodiwa kwa shata ya 1/50, yaani kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Ukihamia fremu 1000 kwa shata ya 1/2000, kila fremu inapata sehemu moja ya 40 ya mwanga ule, upungufu wa zaidi ya stopu 5 (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu). Chumba kilichotosha kwa taa moja sasa kinahitaji taa 40 za aina hiyo, au lenzi iliyofunguka zaidi, au taa iliyosogezwa karibu. Kusogeza taa ndogo kutoka mita 2 hadi mita 1 kunaongeza mwanga mara 4 bila gharama yoyote, kwa hiyo anza na hilo kabla ya kupandisha ISO, namba inayoongeza wepesi wa kihisi kwa mwanga na kuleta chenga.

Jua ndiyo taa bora uliyonayo, na haipepesi. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inafaa: kwenye jua kali, kwa f/16 (f ni kipimo cha tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa), shata ni moja gawa kwa ISO. Kwa ISO 400 hiyo ni 1/400 kwenye f/16. Fungua hadi f/4, stopu 4 zaidi, na shata inakuwa 1/6400. Simu yenye lenzi ya f/1.8 na ISO 50 itajichagulia karibu 1/4000 yenyewe. Namba hizi zinatosha kwa puto bila taa hata moja. Epuka saa sita mchana, hasa karibu na ikweta, kwa sababu jua liko utosini na upande wa puto unaoitazama kamera unabaki kivulini. Saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri, jua likiwa nyuma ya puto na pembeni kidogo, maji yanawaka kingo zake. Mbele weka karatasi nyeupe ya manila kurudisha mwanga usoni mwa puto.

Ndani ya nyumba, halojeni za wati 500 au 1000 bado zina nafasi yao. Waya mnene wa balbu kubwa haupoi upesi, kwa hiyo mwanga wake unatikisika kidogo tu kila umeme unapopanda na kushuka. Balbu ndogo inatikisika zaidi. Taa mbili za wati 1000 kwenye umeme wa volti 230 zinavuta karibu ampea 8.7. Soketi ya ampea 13 inabeba, lakini ekstensheni iwe yenye waya mnene na uikunjue yote. Ikibaki imeviringishwa kwenye roli yake, inapata joto na inaweza kuyeyuka. Usiweke kitu kingine kwenye ekstensheni hiyo. Taa iwe mita moja au zaidi kutoka kwenye puto, maana joto lake linaweza kulipasua kabla hujabonyeza chochote.

LED za nyumbani ndizo zinazoharibu kazi nyingi. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na taa isiyochujwa vizuri inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni. Kamera ya fremu 1000 inaona: kila mpigo unachukua fremu 10, na ukichezesha kwa 25, video inapepesa mara mbili na nusu kila sekunde. Ni vigumu kwa programu kuondoa hilo bila kuacha doa. Kwenye fremu 100 kamili unaweza kuweka shata ya 1/100, ili kila fremu ipate mpigo mzima, lakini kwenye 240 shata ndefu kuliko 1/240 haiwezekani, kwa hiyo ujanja huo unaishia hapo. Dawa ni LED inayotumia umeme wa betri moja kwa moja: taa za volti 12 kwenye betri ya gari au ya sola, bila inveta katikati. Kama taa ina kitufe cha kupunguza mwanga, iache kwenye asilimia 100, kwani nyingi hupunguza kwa kuwaka na kuzimika haraka sana. Kabla ya kujaza puto hata moja, rekodi ukuta mweupe kwa sekunde moja chini ya taa hizo na uangalie. Ukuta ukipepesa, badilisha taa.

Shata

Mazoea ya sinema ni shata yenye nusu ya muda wa fremu: 1/500 kwa fremu 250, 1/2000 kwa fremu 1000. Kwa watu na nguo yafuate. Kwa maji, fupisha zaidi. Tone linaloanguka kutoka sentimita 50 lina kasi ya mita 3.1 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/2000 linasogea milimita 1.6 shata ikiwa wazi. Tone lenyewe lina milimita 4 hivi, kwa hiyo utapata soseji badala ya tone. Kwa 1/10000 linasogea milimita 0.3, na kingo zinakuwa kali. Kwa puto, 1/5000 ni mahali pazuri pa kuanzia. Mpira utakuwa na ukungu kidogo, maji yatakuwa safi. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, alilitatua jambo hili kwa kugeuza hesabu: alitumia mimuliko ya taa mifupi mno, na mwanga ndio ulioligandisha tukio badala ya shata. Kwa video ndefu njia hiyo inahitaji vifaa vyake, lakini wazo ni la kukumbuka unapopiga picha moja ya mnato.

Kunasa kabla ya kubonyeza

Kamera maalumu hazisubiri ubonyeze ndipo zianze. Zinarekodi mfululizo kwenye kumbukumbu ya ndani, na ikijaa zinafuta mwanzo na kuendelea, zikizunguka. Unapobonyeza baada ya tukio, kamera inasimama na kukuachia sekunde zilizopita. Chronos 1.4 yenye GB 8 inahifadhi kama sekunde 4 kwa picha kamili, GB 16 sekunde 8, GB 32 sekunde 16. Kwa puto, iweke inase yote yaliyopita: toboa, ona maji chini, ndipo ubonyeze. Una sekunde nzima za kutulia. Wengi wanaoanza hubonyeza na kutoboa kwa pamoja, kama wanavyozoea kwenye simu, na wanalikosa tukio ambalo kamera ilikuwa tayari inalo.

Kwenye simu inayorekodi 240 mfululizo, anza kurekodi sekunde 3 kabla na usimamishe baadaye, utakata mezani wakati wa kuhariri. Kwenye simu ya 960 yenye dirisha la sekunde 0.2, tumia hali ya kujinasa yenyewe kitu kinaposogea ndani ya kisanduku, na weka kisanduku mahali sindano itakapogusa, mkono wako ukiwa nje yake.

Siku ya kazi

Andaa maputo ya kawaida ya sherehe 10 au zaidi, maana kila jaribio linakula moja, uzi mgumu, sindano iliyofungwa kwa gundi ya utepe kwenye fimbo ya sentimita 40, beseni pana, kitambaa cheusi kisichong'aa, stendi ya miguu mitatu, miwani ya kinga na taulo mbili.

1. Tundika kitambaa mita moja na nusu nyuma ya mahali pa puto. Kikiwa karibu zaidi kitalowa na kung'aa, na mikunjo yake itaonekana.

2. Funga uzi juu, na beseni chini. Taa na ekstensheni ziwe nyuma ya mstari ambao maji hayafiki, na soketi iwe na kinga ya kukata umeme. Kama haina, fanya kazi hii nje juani tu.

3. Jaza puto kwa maji ya bomba, mililita 700 hadi lita 1 kwa puto la inchi 12, kisha toa hewa yote kabla ya kufunga fundo. Kiputo cha hewa juu kinavunja umbo la maji mpira unapoondoka. Puto lisilovutika vya kutosha halipasuki. Sindano inaacha tundu na maji yanachuruzika. Likitokea hilo, pulizia hewa na uiachie mara mbili tatu kulilainisha, kisha ujaze maji zaidi. Kijiko cha maziwa au rangi ya chakula husaidia maji yaonekane mbele ya kitambaa cheusi.

4. Likaushe kwa taulo. Matone ya nje yataruka mbele ya lenzi na kuonekana kama uchafu.

5. Weka kamera mita moja na nusu mbali, kwa lenzi inayoingiza puto lote kwenye picha. Acha nafasi tupu chini ya puto, angalau urefu wa puto mbili, maana huko ndiko tukio linakoelekea. Lenzi ifunikwe kwa kichujio cha kioo ambacho hujali kikilowa.

6. Tafuta fokasi kwa mkono kwenye fundo au maandishi ya puto, ukikuza picha kwenye skrini, kisha zima fokasi ya kujiendesha. Kwenye simu, shikilia kidole juu ya puto mpaka alama ya kufunga fokasi na mwanga itokee. Usipofunga, simu itatafuta fokasi upya mpira ukiondoka, yaani kwenye sehemu uliyoitaka.

7. Weka fremu, kisha shata, kisha f, na ISO mwisho kabisa. Kwenye Chronos, ziba lenzi na ufanye marekebisho ya weusi kila unapobadilisha ukubwa wa picha au kamera inapopata joto; ukiruka hatua hii, mistari ya wima itatokea kwenye kitambaa chako cheusi.

8. Angalia sehemu zinazong'aa za puto. Nyeupe ikizidiwa na mwanga hairudi, kwa hiyo punguza mwanga mpaka mng'ao ubaki na umbo.

9. Subiri puto liache kuyumba. Toboa kutoka pembeni, kwenye sehemu pana ya tumbo ambako mpira umevutika kuliko kwingine. Karibu na fundo mpira ni mzito na mlegevu, hauchaniki. Mpira unakimbia kutoka kwenye sindano, kwa hiyo ukitoboa upande wa kulia wa picha, ngozi itafunguka kuelekea kushoto mbele ya macho ya mtazamaji. Ukitoboa kutoka mbele, fimbo na mkono vitaziba kila kitu.

10. Bonyeza, kisha tazama kwenye skrini kabla ya kujaza puto lingine. Angalia fokasi kwanza. Kwenye f/2.8 kwa umbali huu, kina cha fokasi, yaani eneo linaloonekana kali mbele na nyuma, ni kidogo; puto likiyumba mbele kidogo limetoka. Kama mwanga unaruhusu, funga hadi f/4 au f/5.6.

Mezani

Chagua sehemu unayotaka kabla ya kuhifadhi. Sekunde 4 zilizojaa kumbukumbu zinageuka karibu dakika 3 za video, na kamera huchukua muda mrefu zaidi kuziandika kwenye kadi kuliko ilivyotumia kuzinasa, huku betri ikiisha. Sekunde 0.6 zinatosha: 0.1 kabla ya sindano na 0.5 baada yake.

Faili ya simu ihamishe kwa waya. Ukiituma WhatsApp kama video inabanwa na fremu zinapotea. Ukilazimika, itume kama dokumenti. Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, fungua sifa za klipu na ubadilishe kasi ya fremu iwe sawa na ya mradi. Kila fremu halisi itachezwa mara moja. Kwa anayetumia ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, faili ya fremu 250 inarefushwa mara 10 hivi:

ffmpeg -i puto.mp4 -vf "setpts=10*PTS" -r 25 -an puto-polepole.mp4

Kwa 240 kwenda 25, andika 9.6 badala ya 10. Usirefushe zaidi ya hapo kwa kuiomba programu itunge fremu za katikati. Kwa gari linalopita inafanya vizuri. Kwa maji yanayovunjika haijui tone lipi limekuwa lipi, na matokeo ni utelezi wa ajabu. Kama mara 10 inachosha, cheza kwa kasi ya kawaida mpaka sindano inapogusa, shuka hadi polepole kabisa kwa sekunde 4 au 5, kisha rudisha kasi maji yakifika kwenye beseni.

Sauti irekodi peke yake, kwa simu nyingine iliyowekwa karibu na beseni kwa kasi ya kawaida. Kurefusha sauti mara 40 hakufai: mlio wa hezi 1000 unashuka hadi 25, mngurumo ambao spika ya simu haiwezi kuutoa. Weka mlio wa kupasuka kwenye fremu ile mpira unapoanza kufunguka, na mwanguko wa maji kwenye fremu ya tone la kwanza linalogusa beseni.